Mrija Mmoja au Miwili

Ban Nong Waeng, Kalasin
20 Aprili 1993

Mwanangu Phikun,

Pokea salamu za baba yako mdogo na mama yako mdogo Bunlai, na za jua la hapa, ambalo mwaka huu limetuunguza hadi vyura wamehama mashimo. Tunatumaini mumeo hajambo, na kwamba mtoto ameshaanza kusema kwa lafudhi ya huko kusini, maana hilo sidhani kama mtaliepuka. Mwaka mpya wetu wa Aprili tuliupokea vizuri. Watoto walinimwagia maji nikiwa bado nimelala, nikawatukana, wakafurahi.

Nina habari njema. Thawi anaacha kazi ya kiwandani Bangkok, anakuja kuingia utawa mwezi ujao. Najua nimesema kila mwaka kwamba ataingia nyumba ikiisha kujengwa, lakini nimebadili mawazo. Mzazi anataka kumwona mwanawe ndani ya joho angali ana macho ya kumwonea. Shamba la bondeni nimeshamwandikia yeye. Nyati wa kulimia amechukuliwa na jirani Lit. Hata yule jogoo mwekundu wa kupigana, aliyemtoboa jicho jogoo wa mkuu wa kijiji, nimempa Lit, kwa sababu siku hizi sina mikono ya kumkanda.

Afya yangu ni ya kizee. Ngozi inawasha, usingizi umenihama, mama yako mdogo ananikuna mgongo kwa mwiko. Mkojo umekuwa na rangi ya chai iliyolala. Ni hili joto tu. Usihangaike kuja, njia ni ndefu na wewe una kazi.

Ni mimi baba yako mdogo,
Khamphan

*

Hat Yai, 3 Mei 1993

Baba mdogo,

Nakuinamia kutoka huku mbali, wewe na mama mdogo. Sisi wazima. Mtoto ana jino jipya na anamng'ata kila anayemkaribia. Mama mkwe bado yuko kitandani, hawezi hata kujigeuza, na ndiyo sababu sitoki nyumbani isipokuwa kwenda kazini.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili sikucheka. Baba mdogo, nimekujua tangu nazaliwa: hujawahi kumpa mtu jogoo kwa sababu ya joto. Macho yako yana rangi gani? Niambie ukweli. Choo chako kimepauka kama udongo wa mfinyanzi? Kula bado unakula?

Nenda hospitali ya mkoa wakupige picha ya tumbo kwa ile mashine ninayofanyia kazi mimi. Haiumi, wanakupaka ute wa baridi na kukupitishia kitu kama pasi. Kisha waulize swali moja tu: uliovimba ni mrija mmoja au miwili?

Nitakueleza kwa nini. Nyongo inatengenezwa kwenye ini, inashuka kwa mrija wake hadi utumboni. Kongosho, iliyolala nyuma ya tumbo, nayo ina mrija wake. Hiyo miwili inakutana chini na kuingia utumboni kwa mlango mmoja. Nyongo ikizibwa inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo inayokuwasha. Ugonjwa wetu wa bwawa la Lam Pao, ule wa minyoo ya samaki mbichi, mara nyingi huziba juu karibu na ini, na kongosho haina habari. Lakini kama mirija yote miwili imevimba, basi kizuizi kiko chini, mlangoni au jirani na mlango, na vinavyoziba pale ni vitu vya aina nyingi. Vingine vinatibika.

Nenda kabla ya sherehe ya Thawi.

Mwanao, Phikun

*

Ban Nong Waeng, 30 Mei 1993

Mwanangu Phikun,

Salamu sana. Mama yako mdogo anauliza kama ule unga wa mchele uliokaangwa aliokutumia ulifika au watu wa posta wameula. Mvua ya kwanza imenyesha. Lit anamlimisha nyati wangu vibaya, anamvuta pua kama anavuta ndoo kisimani, nami nakaa barazani natazama na kumezea.

Sherehe ilifana. Thawi alibebwa mabegani kuzunguka hekalu mara tatu, nusura aanguke kwa sababu waliombeba walikuwa wameshaonja pombe ya mchele. Nywele na nyusi zake nilianza kunyoa mimi. Kichwa chake kina umbo baya, nilikuwa silijui. Mama yako mdogo alilia vizuri. Watu walikula, na mimi nikala koi: samaki wa bwawani, mbichi, amekatwakatwa, ndimu, pilipili, sisimizi wekundu. Usinikunjie uso. Mtu aliyefika nilipofika akinyimwa koi ananyimwa kwa faida gani?

Unaniuliza rangi ya macho. Ni macho. Wewe umekaa sana na watu wa bahari, umesahau kwenu. Hapa mtu akianza kuwashwa hatuendi kuuliza maswali. Tunamnyoa mtoto, tunagawa vitu, tunangoja. Waliokwenda kuuliza walikatwa, upepo ukaingia tumboni, ugonjwa ukatapakaa, wakarudishwa ndani ya shuka. Nimewakatia kuni za kuwachomea mimi mwenyewe, sihadithiwi.

Halafu siku hizi nina afadhali. Hata manjano yenyewe yamepungua.

Khamphan

*

Hat Yai, 12 Juni 1993

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Unga ulifika.

Kumbe manjano yapo. Asante kwa kuniambia bila kutaka kuniambia. Na umeniambia jambo jingine usilolijua: yanakuja na kupungua. Ugonjwa wetu wa siku zote ukishaziba huwa hauachii. Kitu kinachoziba na kuachia, mara nyingi kiko mlangoni kabisa.

Baba yangu alipogeuka manjano nilikuwa na miaka kumi na sita. Kila mtu alijua ni nini. Walijua majirani, alijua mkuu wa kijiji, alijua yeye mwenyewe. Hakuna aliyeuliza kama ni mrija mmoja au miwili. Tulimlaza barazani akiwashwa mpaka akafa. Sisemi angepona. Nasema sijui, na sitajua tena, na kila siku napitisha mashine juu ya matumbo ya watu nisiowajua nikiwatafutia jibu ambalo kwetu hakuna aliyelitafuta. Inaniuma na nimechoka nayo.

Nenda.

Phikun

*

Ban Nong Waeng, 18 Julai 1993

Mwanangu Phikun,

Salamu, ingawa hustahili. Wewe mtoto ni nyoka. Mpunga umepandikizwa wote, mama yako mdogo hajambo, na wewe ni nyoka.

Hukuniambia kwamba umemwandikia Thawi hekaluni. Jumapili iliyopita nilipeleka chakula cha asubuhi kama kawaida. Yeye amekaa juu ya jukwaa, mimi niko chini sakafuni, mikono nimeikutanisha, nimeinama. Kwani nifanyeje, ni mtawa. Akamaliza kubariki, akanitazama kwa hilo paji lake lisilo na nyusi.

"Mzee Khamphan, umeshapimwa tumbo?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa mtawa, hayo si mambo ya hekaluni."

"Gari la hekalu linakwenda mjini kesho kuchukua saruji. Utapanda."

"Mheshimiwa, kesho nina kazi."

"Kazi gani? Nyati uko naye?"

Mama yako mdogo akajifanya anakohoa. Watu wote pale wakainama chini, mabega yanawatikisika. Nimemlea, nimemwogesha, nimemnyoa, nimelisha kijiji kizima ili awe mtu wa kusujudiwa, na jambo la kwanza analoamrisha ni mimi nipande juu ya mifuko ya saruji. Nikapanda. Kumkatalia mtawa mbele ya mabibi wote wa kijiji sikuweza.

Daktari ni msichana, anaitwa Orathai, ukimwona utadhani bado yuko shule. Akaniuliza, "Babu, unakula samaki wabichi?" Nikasema nakula. "Na bado unaendelea?" Nikamwambia samaki nao wanaendelea kuogelea. Hakucheka. Akapitisha ile pasi yako, akarudia, akarudia tena. Nikamwuliza swali lako. Akaacha mashine akanigeukia.

"Nani amekufundisha kuuliza hivyo?"

Nikasema ni binti wa marehemu kaka yangu.

"Ni miwili," akasema. "Wa nyongo na wa kongosho, yote imepanuka. Ila kinachoziba sikioni. Gesi ya tumbo inanificha." Akanichorea, mchoro wenyewe kama panda ya manati. Anataka niende Khon Kaen, nimeze mpira wenye kamera.

Sasa nieleze wewe mwenye akili. Shamba si langu, nyati si wangu, watu wameshaniaga, bibi Kaeo amekuja kunililia kabisa kabisa na kunipa ujumbe wa kumpelekea mumewe huko aliko. Nisipokufa, uso nitauweka wapi?

Khamphan

*

Hat Yai, 27 Julai 1993

Baba mdogo mpenzi,

Nakuinamia. Mtoto alipata homa, imepita. Mama mkwe amepata kidonda mgongoni, tunamgeuza kwa zamu.

Niite nyoka, nimekubali. Niliposoma neno "miwili" nilitoka nje nikasimama karibu na pipa la maji mpaka mwenzangu akaja kuniita.

Sitakudanganya kwamba miwili ni habari njema moja kwa moja. Huenda ni jiwe limekwama pale chini, ingawa jiwe kwa kawaida huuma, na wewe hujasema unaumwa. Huenda ni mnyoo ameingiza kichwa mlangoni, nimewahi kuwaona wanavyojinyonganyonga. Huenda ni uvimbe wa mlango wenyewe, na huo nauombea kuliko mengine yote mabaya, kwa sababu unaziba mapema ukiwa bado mdogo, kwa hiyo unaonekana mapema. Na huenda ni kichwa cha kongosho. Hicho sikiombei. Kwa nje yote yanafanana, na hata mashine yangu haiwezi kuyatenganisha. Kamera ndiyo itakayouona mlango, na wanaweza kubana na kunyofoa kipande wakakipima.

Kuhusu uso, bibi Kaeo mwambie ujumbe wake utachelewa kidogo kufika.

Nenda Khon Kaen. Mheshimiwa mtawa ameniahidi gari.

Phikun

*

Ban Nong Waeng, 5 Septemba 1993

Mwanangu Phikun,

Salamu nyingi, na safari hii nakuandikia nikiwa nimeshiba. Mama yako mdogo anakusalimu, amenenepa kwa furaha. Mtoni samaki ni wengi, lakini tunawachoma, usianze.

Nimemeza mpira wako. Sitausifia. Waliuona mlango: umevimba, mwekundu, umechomoza kama titi la mbwa. Wakabana vipande vitatu. Wakaingiza kijirija cha plastiki ili nyongo ipite, na ikapita, mwanangu, ndani ya wiki moja nilikuwa mweupe kuliko mumeo. Kuwashwa kumekwisha. Nalala hadi jua linanichoma.

Majibu ya vipande yametoka: hawakuona saratani. Nimemwambia daktari ayarudie, akayarudia. Hawakuona.

Kijiji kimenifanyia sherehe ya kuita roho irudi mwilini. Mikono yote miwili imefungwa nyuzi nyeupe hadi karibu na kiwiko, kila mtu alitaka kufunga wake. Lit alifunga wa kwanza, akalia, lakini jogoo hakumrudisha. Bibi Kaeo ana hasira kidogo.

Daktari wa Khon Kaen anataka kunipasua autoe mlango na sehemu ya kongosho. Nimemwambia asante. Kama hakuna saratani, anatoa nini? Nimetoka salama, sitaki upepo.

Khamphan

*

Hat Yai, 16 Septemba 1993

Baba mdogo,

Salamu kwenu nyote. Nimefurahi umelala. Nimefurahi kweli, usisome yanayofuata ukadhani sikufurahi.

Kijirija cha plastiki kimefungua njia tu. Hakijasema nini kiliziba. Na vipande vitatu ni vipande vitatu: ukichota wali juu ya chungu hujui kama chini umeungua. "Hawakuona" si sawa na "haipo". Mlango haujivimbii hivyo bure, na jiwe hawakukuta, na mnyoo hawakukuta. Hicho kijirija kitaziba baada ya miezi michache, na utapata homa.

Wakubalie wakate. Nakuomba, sikuamrishi.

Phikun

*

Hat Yai, 20 Oktoba 1993

Baba mdogo,

Hujajibu. Huku mvua zimeanza. Sisi wazima. Nisalimie mama mdogo.

Phikun

*

Hospitalini, Khon Kaen
29 Novemba 1993

Phikun,

Salamu. Mama yako mdogo yuko hapa chini ya kitanda changu, amelala kwenye mkeka.

Kimeziba. Homa ilikuja na baridi ya kutikisa meno, tukiwa katikati ya mavuno. Manjano yamerudi yote. Wameweka kijirija kingine. Sikukujibu kwa sababu ulisema kweli, na sikuwa na nguvu ya kukuandikia hivyo.

Nimewaambia wakate. Watakata wiki ijayo nikipata nguvu. Nilijiona hodari mwezi wa nne nilipokuwa nagawa vitu. Kungoja kufa barazani nilikuwa nakujua, nimewaona wengi wakifanya. Hili silijui. Naogopa, mwanangu. Mama yako mdogo sijamwambia.

Ukipata mtu wa kumgeuza mkweo, njoo.

Baba yako mdogo

*

Ban Nong Waeng, 20 Januari 1994

Mwanangu Phikun,

Salamu kutoka kitandani kwangu mwenyewe, nyumbani kwangu. Mumeo mshukuru kwa kubaki na mama yake ukaja. Nilipozinduka nikauona uso wako, nilidhani ni kaka yangu, mna paji la uso moja. Sikukuambia siku ile kwa sababu nilikuwa na mpira puani.

Nimekonda, suruali nafunga kwa kamba. Nakula kidogo kidogo. Kidonda kimefunga, na upepo, kama uliingia, umetoka kwa njia yake ya kawaida, mama yako mdogo ni shahidi.

Sasa lililonifanya niandike. Ulipoondoka, majibu ya ile nyama yote waliyoitoa yalikuwa bado. Yamekuja. Najua yamekuja kwa sababu Orathai alifika hapa na pikipiki, akazungumza na mama yako mdogo na Thawi jikoni, mlango umefungwa. Tangu siku hiyo napewa yai kila asubuhi. Thawi ameahirisha kuvua joho na kurudi uraiani, anakuja kila siku kunisomea sala bila kuombwa. Lit amemrudisha jogoo! Amemfunga kwenye nguzo ya nyumba yangu, akaenda zake. Nikiuliza, wanasema, "Kilikuwa kidonda tu, kimetolewa, kula."

Ninajua kwa nini wananificha. Nami nilimficha kaka yangu, ingawa alijua mwenyewe, kwetu ndivyo tunavyopendana. Mgonjwa akijua moyo unavunjika, ugonjwa unapata nafasi. Sijamkasirikia mtu.

Lakini wewe umenisumbua mwaka mzima. Umenifanya nipande saruji, nimeze mpira, nifunguliwe tumbo kama samaki. Yote hayo ili tujue ni nini. Sasa kuna anayejua, na si mimi. Najua wamekupigia simu hospitalini kwenu. Mimi sasa ndiye ninayeuliza. Kilikuwa nini?

Khamphan

*

Hat Yai, 2 Februari 1994

Baba mdogo,

Nakuinamia, wewe na mama mdogo. Mtoto anatembea. Mama mkwe alifariki wiki mbili zilizopita, kimya kimya, tumeshamzika. Nyumba ina nafasi kubwa sana sasa, na bado ninaamka kwenda kumgeuza.

Walinipigia. Mama mdogo alilia kwenye simu akaniapisha nisikwambie, nami nikaapa. Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta njia ya kutimiza kiapo na kukujibu. Haipo.

Ilikuwa saratani, baba mdogo. Ilianza pale mlangoni, ndani kidogo, chini ya mahali walipobana, ndiyo maana vipande vitatu havikuiona. Ilikuwa ndogo, kama mbegu ya ukwaju. Haikuwa ya kongosho. Haikuwa ile iliyowachukua wale uliowakatia kuni. Wameitoa yote, na kingo za nyama iliyobaki ni safi. Lakini katika tezi za jirani walizotoa pamoja nayo, moja ilikuwa nayo. Maana yake ni kwamba inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Wengi wenye saratani kama yako huishi miaka baada ya kukatwa. Wengine hawaishi. Nimemwuliza kila daktari ninayemfahamu wewe utakuwa upande gani, na hakuna anayejua, nami sijui. Kama ningejua ningekuandikia.

Koi usile tena, na kila baada ya miezi mitatu uende kwa Orathai, usingoje mtawa akuamrishe.

Barua hii msomee mama mdogo kwa sauti, mwisho hadi mwanzo ukitaka, ila usiruke kitu. Atanikasirikia na ana haki. Amekaa na jambo hili bila wewe tangu Januari, anakukaangia mayai na kutabasamu, na amechoka kuliko wewe na mimi. Akilia, usifanye mzaha. Mwache alie, ulie naye.

Mwanao,
Phikun